Upepo ni bure, lakini kilima kina wenyewe

MKULIMA wa Mbulu au Hanang hahitaji kufundishwa habari za upepo. Anapopepeta maharage au ngano baada ya mavuno, upepo ndio unaomtenganishia punje na makapi. Mchungaji anayelisha ng'ombe ukingoni mwa Bonde la Ufa naye anaijua saa ambayo hewa huanza kupanda kutoka chini, kwa sababu ndiyo saa ambayo tai na tumbusi huanza kuzunguka juu bila kupiga mbawa. Jambo ambalo wengi hawajalitazama kwa jicho la biashara ni kwamba upepo huo na ukingo huo ni mali.

Wapo watu duniani wanaosafiri maelfu ya kilometa kutafuta mahali pa namna hiyo. Ni wacheza mchezo wa kuruka kwa mwavuli kutoka mlimani, maarufu kwa jina la paraglaidi. Mchezo huu hauna injini wala haudungi hewa kwa moshi. Mrukaji hubeba begani mfuko wenye mwavuli wa kitambaa chepesi, kamba nyembamba na kiti cha mikanda. Akifika kwenye mteremko ulio wazi hutandaza mwavuli chini, huusubiri upepo uujaze, kisha hukimbia hatua chache kuteremka na miguu huacha ardhi.

Mchezo wenyewe haukuanzia kwa matajiri wa mijini. Mwaka 1978 warukaji wachache wa parachuti katika kijiji cha Mieussy, milimani nchini Ufaransa, waliona gharama ya kukodi ndege ni kubwa, wakajaribu kuruka kwa kukimbia kwenye mteremko wa malisho. Jaribio hilo likawa mwanzo wa mchezo unaochezwa leo katika mabara yote yenye watu. Hadi leo sehemu kubwa ya viwanja vyake si viwanja vya ndege, bali ni malisho na mashamba ya watu.

Mwavuli wa kawaida husonga mbele mita nane hadi 10 kwa kila mita moja unayoshuka. Katika hewa tulivu hushuka kama mita moja kila sekunde, hivyo anayeruka kutoka ukingo wenye kimo cha mita 900 atakuwa chini baada ya dakika kama 15. Ili akae juu kwa saa kadhaa anahitaji hewa inayopanda, na hewa hiyo hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni upepo unaogonga ukuta wa mlima na kulazimika kupanda. Ya pili ni jua linalochoma ardhi tupu au miamba mpaka hewa ya juu yake ikapata joto na kuinuka. Chamchela inayozungusha vumbi na maganda ya mahindi shambani wakati wa kiangazi ni dalili ya hewa hiyo ya pili.

Ukitazama ramani, utaona kwa nini Manyara ina bahati. Nyanda za juu za Mbulu zinaishia upande wa mashariki kwenye ukuta wa Bonde la Ufa, unaoshuka ghafla kuelekea Ziwa Manyara na nchi ya Babati. Ukuta huo unatazama mashariki, na pepo kuu za nchi hii, kusi na kaskazi, zote huja na nguvu ya mashariki ndani yake. Kusini zaidi Mlima Hanang, wenye kimo cha takriban mita 3,420, umesimama peke yake juu ya tambarare, huku Ziwa Balangida lenye magadi na chumvi likiwa chini yake. Barabara ya lami kutoka Babati kwenda Singida inapita Katesh, miguuni mwa mlima huo.

Mfano wa karibu uko Kenya. Mji wa Iten, katika Kaunti ya Elgeyo Marakwet, umekaa kwenye kimo cha karibu mita 2,400, ukingoni mwa ukuta mwingine wa Bonde la Ufa unaotazama mashariki kuelekea Bonde la Kerio. Dunia inaifahamu Iten kwa wanariadha wake wa mbio ndefu. Warukaji wa mwavuli wanaifahamu kwa upepo wake, na wageni kutoka Ulaya hufika huko hasa miezi ya kiangazi, kati ya Desemba na Machi, wakati kwao ni baridi kali. Wanalala, wanakula, na wakitua mbali bondeni wanahitaji pikipiki au gari la kuwarudisha juu. Ukingo ambao mkulima aliuona kuwa kikwazo cha kufikisha mazao sokoni umegeuka kuwa bidhaa.

Hapo ndipo msemo wa mgeni njoo, mwenyeji apone, unapopaswa kupimwa. Mwenyeji hupona pale tu anapokuwa amejipanga. Asipojipanga, mgeni huja, huruka, huondoka, na kijiji hubaki na mahindi yaliyokanyagwa pamoja na picha iliyopigwa na mtu mwingine. Kwa hiyo swali la kwanza kwa vijiji vya Mbulu na Hanang si jinsi ya kuwapata warukaji. Swali la kwanza ni nani mwenye kilima, na karatasi ya kuthibitisha hilo iko wapi.

Wilaya ya Hanang imeshalipa ada kubwa ya kujifunza somo hili. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Canada, nyanda za Basotu ziligeuzwa kuwa mashamba makubwa ya ngano chini ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO. Takriban ekari 100,000 zilichukuliwa, nyingi zikiwa malisho bora ya wafugaji wa Kibarbaig. Njia za mifugo zilifungwa na makaburi ya wazee yakaingia ndani ya mashamba. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani na kushinda Mahakama Kuu, lakini katikati ya miaka ya 1980 Mahakama ya Rufani ilitengua ushindi huo. Hoja kubwa ilikuwa kwamba kijiji hakikuweza kuthibitisha kuwa kiligawiwa ardhi hiyo kwa utaratibu wa sheria. Watu walikuwa wameishi pale, wamezika pale na wamechunga pale. Kilichokosekana ni karatasi.

Upande wa Mbulu uko mfano wa kinyume chake. Katika bonde la Yaeda, Wahadzabe walipata mwaka 2011 hati miliki ya kimila ya pamoja, inayotambua ardhi yao kuwa mali ya jamii nzima. Baada ya mipaka kuandikwa na matumizi ya ardhi kupangwa, vijiji viliingia katika biashara ya hewa ukaa, ambamo jamii hulipwa kwa kulinda misitu isikatwe. Mtu angeambiwa miaka ya nyuma kwamba hewa ya Yaeda italeta fedha za shule na matibabu, angecheka. Lakini fedha zilikuja, na zilikuja kwa sababu hati ilitangulia mteja.

Tofauti ya Basotu na Yaeda ndiyo inayopaswa kuongoza mpango wowote wa kuruka kwa mwavuli. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji jukumu la kusimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini, kwa niaba ya wanakijiji wote. Mwenyekiti peke yake hana mamlaka ya kumwonyesha mgeni kilima na kumwambia aanze kazi. Jambo hilo linatakiwa lifike kwenye mkutano mkuu wa kijiji, lijadiliwe, liandikwe kwenye muhtasari na kupigwa muhuri. Pia hakuna haja ya kuuza wala kukodisha kilima kwa miaka mingi. Mrukaji anahitaji ruhusa ya kupita, kutandaza mwavuli na kuondoka. Ruhusa ya msimu mmoja, inayoweza kurudiwa ikiwa pande zote zimeridhika, inatosha.

Mambo ya kuandikwa katika makubaliano hayo ni machache na yanaeleweka. La kwanza ni mahali. Pa kurukia na pa kutulia pawe pametajwa kwa mipaka, kwa sababu mara nyingi juu ni kijiji kimoja na chini ni kingine, pengine hata wilaya nyingine. Kijiji cha juu kikikusanya ada yote na cha chini kikabaki na mazao yaliyoharibika, ugomvi hautachelewa. Vijiji vyote viwili viketi meza moja kabla ya mwavuli wa kwanza kufunguliwa.

Ni lazima pia maeneo yasiyoguswa yatajwe. Makaburi ya wazee wa Kidatoga na sehemu za matambiko si viwanja vya michezo. Mlima Hanang wenyewe ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, hivyo kijiji hakiwezi kutoa ruhusa juu ya kile kisichokuwa chake. Vivyo hivyo, sehemu ya ukuta iliyo juu ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara haifai kuanzishiwa mambo haya bila hifadhi kuhusishwa, kwani anayekosa upepo atatua katikati ya nyati na tembo.

La pili ni kalenda, na hapa mkulima ndiye anayetakiwa kuamua. Vilabu vya warukaji nchini Uingereza vimezoea kufunga baadhi ya vilima wakati kondoo wanapozaa, kwa sababu mwenye malisho ametaka hivyo. Manyara nayo ina kalenda yake. Kuanzia msimu wa kupanda hadi mahindi na ngano vinapokauka, mashamba ya bondeni yafungwe. Baada ya mavuno, shamba lililobaki na mabua ni mahali pazuri pa kutua na halina hasara kwa mwenyewe. Kwa bahati nzuri miezi inayofuata mavuno ndiyo miezi mikavu, hivyo mahitaji ya mkulima na ya mrukaji hayagongani sana yakipangwa mapema. Njia za mifugo na saa za kunywesha maji nazo ziheshimiwe, maana ng'ombe wakishtushwa na kivuli kikubwa kinachopita juu yao wanaweza kutawanyika.

La tatu ni fidia. Mwavuli ukianguka shambani, hasara yake mwenyewe ni ndogo. Hasara kubwa ni umati wa watoto na watu wazima wanaokimbilia kushangaa. Chukulia kwa mfano kwamba umati umekanyaga kipande cha mita 10 kwa mita 20. Ekari moja ina mita za mraba zipatazo 4,000, kwa hiyo kipande hicho ni sehemu moja ya ishirini ya ekari. Ikiwa shamba hilo lingetoa magunia 12 kwa ekari, mwenye shamba amepoteza zaidi ya nusu gunia. Si hasara ya kufilisi, lakini kwa familia inayohesabu chakula cha mwezi si ya kuachwa ipite kwa maneno ya pole. Kiwango cha fidia kiandikwe mapema, na mrukaji au mwenyeji wake alipe siku hiyohiyo mbele ya mjumbe.

La nne ni ada. Hapa pia hesabu ya mfano inasaidia. Kijiji kikitoza shilingi 20,000 kwa mrukaji kwa siku, na wageni 10 wakaruka kwa siku sita, makusanyo ni shilingi 1,200,000. Fedha hizo hazitajenga zahanati kwa mara moja, lakini zinaweza kununua madawati au kutengeneza bomba la maji lililokufa. Masharti yake ni kwamba zikatiwe stakabadhi, ziingie kwenye akaunti ya kijiji, na zisomwe kwenye mkutano mkuu unaofanyika kila baada ya miezi mitatu. Ada hiyo itungiwe sheria ndogo na kupitishwa na halmashauri ya wilaya, ili isionekane kuwa kizuizi cha barabarani kilichowekwa na vijana. Mali bila daftari huisha bila habari.

Nje ya ada hiyo, fedha nyingine zitapita mikononi mwa watu binafsi, na hilo ni jambo jema. Mama lishe atauza chai na maandazi asubuhi wakati warukaji wanasubiri upepo. Mwenye bodaboda atabeba waliotua mbali. Kijana mwenye nguvu atabeba mfuko hadi juu. Mwenye nyumba ya kulala wageni Katesh, Mbulu mjini au Haydom atapata wateja wa wiki nzima badala ya usiku mmoja. Mkulima wa vitunguu saumu, mayai, asali au maziwa atapata mnunuzi mlangoni. Lakini faida hizi zitabaki vijijini tu ikiwa wageni watalala na kula huko. Wakilala Arusha na kuja na chakula chao kwenye gari, kijiji kitaambulia vumbi.

Baada ya hayo yote linabaki suala zito kuliko fedha, nalo ni usalama. Mchezo huu unaua. Septemba 2019 mtalii kutoka Canada alifariki dunia kwenye Mlima Kilimanjaro baada ya kuruka na mwavuli wake kushindwa kufunguka ipasavyo. Miaka sita kabla, Februari 2013, kundi kubwa la warukaji kutoka mataifa mbalimbali lilipanda mlima huohuo kwa lengo la kuruka kutoka kileleni, na hali ya hewa ikawazuia wengi wao. Waliokubali kushuka kwa miguu walifanya uamuzi wa kitaalamu. Mwavuli wa kawaida husafiri kwa kasi ya kilometa 35 hadi 40 kwa saa. Upepo ukizidi kasi hiyo, mrukaji anayeukabili anarudishwa nyuma, huenda kwenye miamba au miti. Na wingu kubwa la mvua ya radi likianza kujijenga, linaweza kumvuta juu asipotaka.

Kwa sababu hiyo kijiji kisikubali kila anayekuja na mfuko begani. Anga ya Tanzania iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na yeyote anayetaka kuruka, hasa anayebeba abiria kwa malipo, anapaswa kuonyesha kibali, cheti cha ujuzi na bima inayolipa pia madhara kwa watu walio chini. Hospitali iliyo karibu iarifiwe siku za kuruka. Mbulu ina bahati ya kuwa na Hospitali ya Haydom, lakini hospitali haimsaidii majeruhi aliyening'inia kwenye korongo ikiwa hakuna kamba, machela, simu inayoshika mtandao na vijana waliofundishwa kumfikia. Vijana hao wafundishwe na walipwe, wasiitwe kama watu wa kujitolea siku ya msiba tu.

Mlima nao una usalama wake. Desemba 3, 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliporomoka hadi Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Hakuna mwenyeji atakayesahau asubuhi ile. Kwa hiyo mtu asije na wazo la kufyeka miti mteremkoni ili kupata uwanja mpana wa kurukia. Pa kurukia patafutwe mahali ambapo tayari ni pa nyasi, na njia ya kupandia isigeuke kuwa mfereji wa maji ya mvua. Kilima kisichokuwa na uwazi wa asili kiachwe.

Ni vema pia matumaini yawe na kipimo. Wakulima wa mkoa huu wanakumbuka mbaazi. Bei ilipokuwa nzuri wengi walipanua mashamba, na India ilipozuia uagizaji mwaka 2017 bei ikaanguka, magunia yakabaki ndani. Utalii nao ulisimama duniani kote mwaka 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa corona. Biashara inayotegemea mteja wa mbali inaweza kufa kwa uamuzi uliofanywa mbali. Kuruka kwa mwavuli kuwe nyongeza juu ya shamba na mifugo, mfano wa kuku wa ziada, na si ng'ombe wa kutegemewa. Hakuna sababu ya mtu kuuza shamba ajenge hoteli ya kusubiri wageni ambao upepo wa wiki moja unaweza kuwafukuza.

Kazi ya kuanza nayo ni nyepesi na haina gharama kubwa. Kijiji chenye ukingo kiitishe mkutano wakati huu ambapo hakuna mgeni anayegonga mlango, kwa kuwa makubaliano mazuri hufanywa bila haraka. Wazee waseme ni wapi pasiguswe. Wenye mashamba waseme miezi yao. Wachungaji waonyeshe njia zao, na wao ndio wataeleza vizuri kuliko mtaalamu yeyote ni saa ngapi upepo hubadilika na ni upande gani hugeuka mbaya. Ofisa ardhi wa wilaya aitwe kuthibitisha mipaka na hati. Halmashauri za Mbulu, Hanang na Babati nazo ziwe na utaratibu unaofanana, ili mfanyabiashara mjanja asiwachezeshe wanakijiji kwa kuhama kilima hiki kwenda kile akitafuta penye ada ndogo.

Mgeni wa kweli hatakimbizwa na utaratibu wa namna hiyo. Mrukaji mwenye ujuzi anapenda kufika mahali ambapo anajua atatua wapi, atamlipa nani na nani atamfuata akiumia. Anayekimbia akiombwa karatasi ndiye ambaye kijiji hakikumhitaji. Basotu ilipoteza malisho kwa kukosa hati, na Yaeda ikapata kipato kwa kuwa nayo. Ukingo wa Bonde la Ufa hautahama, na upepo utaendelea kupanda kila siku jua likipata nguvu. Vijiji vina muda wa kutosha kuandika kwanza, kisha ndipo wageni waje waruke.